Habari za Afya Nyumbani: Ni Nani Aliyemtuma Mbu?

Mwezi huu twataka kuzungumza nanyi juu ya vyombo vipya vya matibabu, vile ambavyo tabibu huvitumia ili aujue ugonjwa kabla ya kutoa dawa. Vilivyo vikubwa hukaa katika hospitali za mikoa, kama Hospitali ya Rufaa iliyoko Kitete, mjini Tabora. Vilivyo vidogo vyatosha kiganjani, navyo vimekwisha kufika katika zahanati za vijijini.

Watu huvisifu vyombo hivi kana kwamba ndivyo viponyavyo. Sivyo. Iponyayo ni dawa, na mkono wa mwuguzi, na Mungu juu ya yote. Kazi ya vyombo ni kuonyesha. Nasi twaona ya kuwa katika kuonyesha huko mna faida isiyosemwa sana: chombo kinachouonyesha ugonjwa humwondolea jirani hatia asiyokuwa nayo.

Ninyi nyote mwajua yatokeayo. Mtoto hufa katika nyumba, naye juzi alikuwa akicheza. Matanga hayajaisha, maneno ya chini chini yaanza. Watu wawili watatu huondoka usiku kwenda kwa mfumu, kama Wanyamwezi wamwitavyo mpiga ramli. Kuku hupasuliwa, matumbo yake hutazamwa, na jina hutajwa. Na jina hilo ni la nani? Mara nyingi si la mwenye nguvu wala la mwenye ng'ombe wengi. Ni la bibi kizee, mjane, mwenye macho mekundu, asiye na mwana wa kumtetea. Katika mikoa yetu ya magharibi na ya Ziwa vikongwe wengi wamekatwa mapanga kwa njia hii, na katika mabaraza yaliyowahukumu hawakukosekana watu waliobatizwa.

Januari 2015 Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli kwa sababu ya mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino. Ilifanya vema. Lakini marufuku peke yake hayatoshi. Madhali swali la kuuliza lipo, watu watamtafuta wa kulijibu.

SWALI LENYEWE

Mwalimu husimama mbele ya watu akaeleza ya kuwa malaria huletwa na mbu. Mzee mmoja huinuka kwa adabu akasema: "Mwalimu, mbu twamjua. Lakini mbu ni wengi, na watoto ni wengi. Ni nani aliyemtuma mbu huyu kwa mtoto huyu?"

Swali hili si la upumbavu, wala halifai kuchekwa. Ni swali la mtu mwenye uchungu. Mwalimu akilicheka, mzee atanyamaza, na usiku atakwenda kwa mfumu. Basi tulijibu polepole.

ZAMANI WATU WOTE WALIKISIA

Kwanza yafaa tujue ya kuwa si Mwafrika peke yake aliyekisia juu ya magonjwa. Hapa Unyanyembe, pale Kwihara karibu na Tabora, tembe alimokaa David Livingstone mwaka 1872 lipo hata leo. Mtu huyu alikuwa tabibu. Mwaka 1867 sanduku lake la dawa liliibiwa safarini, naye aliona kana kwamba amehukumiwa kufa. Mei 1873 alikufa kijijini kwa Chitambo, katika nchi iitwayo sasa Zambia. Watumishi wake, akina Susi na Chuma, waliubeba mwili wake kwa miguu, wakafika nao Kwihara mwezi wa Oktoba mwaka ule. Huko waliwakuta Waingereza waliotumwa kumtafuta bwana wao, nao wamelala kwa homa. Mmoja wao, Dillon, tabibu wa jeshi la majini, aliondoka pamoja na msafara ule kuelekea pwani. Homa ilimvuruga akili njiani, naye akajiua Novemba 1873.

Tabibu huyo alikuwa na elimu yote ya wakati wake, wala hakujua homa ile ni kitu gani. Watu wa Ulaya siku zile walisema ya kuwa homa hutoka katika hewa mbaya ya mabwawa, na jina lenyewe la malaria maana yake ni hewa mbaya. Nao walikuwa wakikisia.

Mwaka 1880 tabibu Mfaransa, Laveran, alipokuwa Aljeria, alitazama damu ya askari mgonjwa kwa hadubini akaona vijidudu hai ndani yake. Mwaka 1897 Ronald Ross, huko India, alivikuta vijidudu vya malaria ndani ya tumbo la mbu. Hapo ndipo kukisia kulipoanza kuondoka. Ulaya ilitubu uongo wake mbele ya hadubini; nasi tusione haya kufanya vivyo hivyo.

TONE LA DAMU NA MISTARI MIWILI

Sasa tutazame kipimo cha haraka cha malaria, ambacho wengi wenu mmekwisha kukiona. Ni kipande kidogo cha plastiki chenye ukanda ndani yake. Mwuguzi hutoboa kidole, huchukua tone la damu, huliweka katika tundu, na kuongeza matone ya maji ya dawa. Maji hayo huipeleka damu mbele kwenye ukanda. Pale penye herufi T pamepakwa kitu chenye kukamata takataka itolewayo na kijidudu cha malaria. Takataka ikiwamo hunaswa pale, na mstari huonekana. Baada ya dakika 15 au 20 jibu lipo.

Lakini kuna mstari wa pili, penye herufi C, nao ndio tunaotaka mwutazame sana. Mstari huo hauhusu malaria. Kazi yake ni kukishuhudia chombo chenyewe. Ukionekana, chombo ni kizima. Usipoonekana, chombo ni kibovu. Mwuguzi hukitupa akachukua kingine, hata kama mstari wa T umetokea.

Fikirini neno hili. Chombo hiki kimepewa shahidi wa kukishitaki chenyewe. Je, ramli ya mfumu ina mstari wa C? Ni nani aliyepata kumsikia mfumu akisema, "Leo kuku huyu ni mbovu, siwezi kutaja jina"? Tena mpelekeeni wauguzi wawili wa zahanati mbili damu ya mtoto yule yule: kwa kawaida watapata jibu moja. Waendeeni wafumu wawili wa vijiji viwili, mtarudi na majina mawili, na vikongwe wawili watalala kwa hofu.

Yawapasa wazazi kujua mambo mawili zaidi. La kwanza, kipimo hiki huweza kuendelea kuonyesha mstari wa ugonjwa kwa majuma kadhaa baada ya mtu kupona, kwa kuwa takataka ya vijidudu vilivyokufa haijaisha mwilini. Kwa hiyo mwambieni mwuguzi siku ambayo mtoto alimaliza dawa. La pili, msinunue dawa mseto dukani kwa kukisia. Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani limeagiza kila adhaniwaye kuwa na malaria apimwe kwanza.

NA KIPIMO KIKISEMA HAPANA?

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Mtoto ana homa kali, kipimo chasema hana malaria, na bibi upande wa baba husema: "Mnaona? Huu si ugonjwa wa hospitali." Siku hiyo hiyo hutafutwa kuku.

Ndugu zetu, neno "hapana" ni jibu, si ukimya. Limeufunga mlango mmoja ili tabibu afungue mwingine. Homa yaweza kutoka katika mapafu, katika njia ya mkojo, katika sikio, katika tumbo. Msiondoke zahanati mkisikia hapana, ulizeni, "Basi ni nini?"

Kwa ugonjwa wa mapafu, au nimonia, ambao huua watoto wadogo wengi, kuna chombo kingine kinachostahili kujulikana. Ni kama kibanio cha nguo, nacho hubana kidole pasipo kuumiza. Mjapani Takuo Aoyagi ndiye aliyeivumbua njia yake katika miaka ya 1970. Damu iliyoshiba oksijeni ni nyekundu ya kung'aa, na damu iliyopungukiwa huiva ikawa nyekundu ya giza. Kibanio hupitisha mwanga kidoleni, na kwa kadiri mwanga unavyomezwa hutoa hesabu. Mtu mzima wa afya huonyesha 95 hata 100 kwa mia. Mtoto akishuka chini ya 90 yumo hatarini, ingawa mama humwona amelala tu kwa utulivu. Ndipo huwekewa oksijeni, na siku hizi kuna mashine iichujayo kutoka katika hewa ile ile iliyomo chumbani.

Jicho la mama huona mengi, lakini hili haliwezi kuliona mapema. Midomo ikiisha kugeuka rangi, saa nyingi zimepotea, na mara nyingi saa hizo zilipotelea njiani kwenda kwa mfumu.

NYUMBA WANAMOKUFA MMOJA MMOJA

Shaka huwa kubwa zaidi pale ambapo nyumba moja hupigwa mara nyingi. Baba amekufa kwa kukohoa, mwaka wa pili mama, mwaka wa tatu kijana mkubwa. Watu husema, "Nyumba hii imeandamwa." Kweli imeandamwa, lakini na nini?

Tarehe 24 Machi 1882 Robert Koch, tabibu Mjerumani, aliwatangazia wenzake kijidudu cha kifua kikuu. Kijidudu hicho hutoka na kikohozi cha mgonjwa kikaelea hewani, na avutaye hewa ile huweza kukipata. Sasa, ni nani avutaye hewa ya mgonjwa kuliko mkewe alalaye naye, na watoto wake chumbani, dirisha limefungwa kwa hofu ya baridi? Kwa hiyo ugonjwa huandama nyumba, maana hewa ya nyumba ni moja. Hakuna aliyeitupia nyumba kitu.

Zamani makohozi yalitazamwa kwa hadubini tu, na vijidudu vikiwa vichache viliweza kutoonekana. Sasa kuna mashine iitwayo GeneXpert, ambayo Shirika la Afya Duniani liliikubali mwishoni mwa mwaka 2010. Hutafuta mbegu ya urithi ya kijidudu ndani ya makohozi, na kwa muda wa saa mbili hivi husema kama kimo, na tena kama kimezoea dawa kuu iitwayo rifampisini. Jambo hili la pili ni kubwa sana, kwa kuwa mgonjwa mwenye kijidudu sugu akipewa dawa za kawaida hupoteza miezi bure na kuwaambukiza wengine.

Kifua kikuu cha kawaida hutibiwa kwa miezi sita, na matibabu yake hayalipiwi. Katika nchi yetu ya tumbaku, ya Urambo na Sikonge na Kaliua, mtu akikohoa husema ni moshi wa mabani tu. Huenda ikawa moshi. Lakini kikohozi kilichopita majuma mawili kipelekwe kupimwa, na waliomo nyumbani mwa mgonjwa wapimwe wote. Mficha maradhi, kifo humwumbua.

MAHARAGE MEUPE NA MEKUNDU

Tufike sasa kwenye jambo zito kuliko yote, maana limewatia mashakani mama wakwe na bibi wengi. Mtoto huzaliwa mzuri, hunenepa, hupendeza watu. Apatapo miezi kama sita, vidole vya mikono na miguu huvimba, hulia usiku kucha kwa maumivu, damu hupungua, macho huwa ya manjano. Hufa. Wa pili hivyo hivyo. Na watu hukumbuka: "Alianza kuugua baada ya yule bibi kuja kumpakata."

Ugonjwa huo mara nyingi ni selimundu, ambao wengine huuita sikoseli. Chembe za damu, zipasazo kuwa za mviringo, hujikunja kama mundu wa kuvunia, zikaziba mishipa midogo na kuvunjika upesi. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa nao. Na kwa nini mtoto huwa mzima kwanza? Kwa sababu damu atokayo nayo tumboni ni ya namna nyingine, isiyojikunja. Damu hiyo hupungua polepole miezi ya kwanza, na ile ya urithi hushika mahali pake. Yule bibi alikuja kumpakata mjukuu wakati ambao ugonjwa ulikuwa umekaribia kujionyesha. Hilo tu ndilo kosa lake.

Walimu waweza kulionyesha jambo hili darasani kwa maharage. Chukueni vikombe viwili, kimoja cha baba na kimoja cha mama, na kila kimoja kitiwe harage moja jeupe na moja jekundu. Baba mwenye moja moja hivi ni mzima, na mama vilevile. Wala hawajui ya kuwa wamebeba jekundu. Mtoto mmoja afumbe macho, atoe harage moja katika kila kikombe: hao ndio urithi wa mtoto wa kwanza. Meupe mawili, mtoto ni mzima. Jeupe na jekundu, ni mzima ila amebeba kama wazazi wake. Mekundu mawili, ni mgonjwa. Rudisheni maharage, mtoe tena kwa mtoto wa pili, na wa tatu, na wa nne. Katika kila mimba nafasi ya ugonjwa ni moja katika nne. Lakini mtaona wenyewe ya kuwa mara nyingine mekundu mawili hutoka mara mbili au tatu mfululizo, na mara nyingine hayatoki kabisa. Mkono uliotoa haukuwa na chuki na mtu.

Na mbona maharage mekundu ni mengi katika nchi zetu? Mwaka 1954 tabibu Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha ya kuwa abebaye moja tu hukingwa na malaria kali. Kwa vizazi vingi waliobeba moja waliokoka mbu, wakazaa. Basi kile kilichowalinda babu zetu ndicho, kikikutana mara mbili, kinachowaumiza wajukuu.

Siku hizi ugonjwa huu hujulikana kwa kupima damu, na vimekuja pia vipimo vidogo vya tone moja vitoavyo jibu kwa dakika chache. Huko Muhimbili, Dar es Salaam, wagonjwa wengi wameandikwa na kufuatwa tangu mwaka 2004, na elimu nyingi imepatikana. Mtoto aliyejulikana mapema hukingwa kwa penisilini na chanjo, hulazwa ndani ya chandarua, hunyweshwa maji mengi, hupelekwa hospitali kila apatapo homa, na wengine hupewa haidroksiurea ambayo hupunguza maumivu. Wengi hukua, husoma, huoa na kuolewa. Kwa hiyo mtoto akifa kwa namna tuliyoieleza, msizike swali pamoja naye. Nendeni ninyi wazazi mkapimwe, pamoja na watoto waliobaki.

MACHO MEKUNDU YA BIBI

Tumewataja vikongwe, sasa tuyatazame macho yao, maana ndiyo waliyohukumiwa kwayo. Mwanamke wa kwetu huinama mbele ya mafiga tangu angali binti. Miaka hamsini, mara mbili au tatu kila siku, moshi wa kuni humwingia machoni. Ongezeni ugonjwa wa vikope, uitwao trakoma, ambao huambukizwa kwa mikono, vitambaa na nzi, na hupindua kope hata zikakwaruza jicho. Ongezeni mtoto wa jicho, ambao huifanya mboni iwe nyeupe kwa uzee.

Tabibu wa macho ana taa yenye kioo cha kukuza. Kwa taa hiyo huona kovu la kope na ukungu wa mboni. Kope hunyoshwa kwa upasuaji mdogo. Mboni yenye ukungu hutolewa na kutiwa lenzi ndogo. Wa kwanza kufanya hivyo alikuwa Harold Ridley, London, mwaka 1949, na sasa ni kazi ya kila siku katika hospitali nyingi.

Hivyo macho mekundu ya bibi si alama ya uchawi. Ni hati ya kazi yake. Kila ugali uliokuzeni ninyi, na baba zenu kabla yenu, umeandikwa mle. Ni aibu iliyoje mtu kumwua aliyempikia, kwa sababu ya moshi wa chakula alichokila yeye mwenyewe!

BASI, NI NANI ALIYEMTUMA MBU?

Twarudi kwa mzee wetu na swali lake. Twamjibu hivi: Baba, hakutumwa. Mbu jike hutafuta damu apate kutaga mayai. Alimnyonya mtu mgonjwa, akakaa siku kumi hata kumi na nne hivi kijidudu kikikua ndani yake, kisha akamnyonya mtoto huyu kwa kuwa chandarua kilitoboka, au mtoto alilala ukumbini, au maji yalituama karibu na nyumba. Ukitaka mahali pa kuipeleka hasira yako, hapo ndipo: mpelekee mbu, mpelekee dimbwi.

Na kama ukisema, "Lakini kwa nini wangu?", hatutakudanganya. Vyombo havijibu hilo. Nao wanafunzi wa Bwana walimwuliza swali la namna hiyo walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu. Walitaka kujua dhambi ni ya nani, yake au ya wazazi. Bwana hakuwapa jina. Alikataa yote mawili, akamgeukia mgonjwa, akamponya. Kwa Mkristo njia ni hiyo. Mbele ya mgonjwa swali letu si "nani amefanya?" bali "tufanye nini?"

Alilolifuata swali hilo la pili ni Adrien Atiman. Huyu alizaliwa karibu na mto Niger, akatekwa utumwani angali mtoto, akakombolewa na Mapadre Weupe, akasomea utabibu Malta. Mwaka 1889 alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, akawa tabibu na katekista kule mpaka alipokufa mwaka 1956. Aliyeuzwa na watu angaliweza kuishi akiwatafuta wabaya wake. Yeye alitumia zaidi ya miaka sitini akiwatafuta wagonjwa. Hakuwa na mashine hizi tulizozitaja. Alikuwa na masikio, mikono na moyo, na laiti angalikuwa nazo!

Hatusemi ya kuwa vyombo havikosi. Vyataka umeme, vyataka dawa za kupimia zisizokwisha muda wake, vyataka mtu aliyefundishwa na mwenye subira. Mara nyingine tabibu atapima yote, kisha atasema, "Sijui." Neno hilo huuma. Hata hivyo "sijui" ya mtu mkweli haijamwua bibi yeyote, na jina lililotajwa na mwongo limewaua wengi.

YA KUSHIKA NYUMBANI

1. Mtoto mwenye homa apelekwe zahanati siku hiyo hiyo, apimwe kabla ya kumeza dawa.

2. Ulizeni jina la ugonjwa, mkaliandike katika daftari la nyumba pamoja na tarehe. Jina la ugonjwa likiandikwa, hapatabaki nafasi ya kuandika jina la jirani.

3. Mtoto apumuaye upesi upesi, au ambaye mbavu zake zaingia ndani apumuapo, asingojewe kuche.

4. Kikohozi cha majuma mawili kipimwe. Dawa za kifua kikuu zimezwe mpaka siku ya mwisho.

5. Nyumba iliyofiwa na watoto wawili kwa namna moja, wazazi wapimwe damu.

6. Bibi mwenye macho mekundu apelekwe kwa tabibu wa macho, naye afuatane na mjukuu ili mjukuu asikie kwa masikio yake yatakayosemwa.

7. Katika matanga, mzee wa kanisa au mwalimu awepo usiku pia. Maneno mabaya huanza watu wa heshima wakiisha kwenda kulala.

Walimu twawaomba wayasome haya kwa sauti katika jumuiya, wafanye lile somo la maharage, na wawaache wazee waulize maswali yao yote pasipo kuchekwa.

Mwezi ujao, Mungu akitujalia, tutaandika juu ya maji ya kunywa na jinsi ya kuyalinda. Hadi hapo, mlindeni mtoto ndani ya chandarua, na bibi ndani ya boma lenu. Amani iwe kwenu nyote.